Risasi Hamsini na Mtu Niliyemsingizia

Mwanangu Zuhura,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba sana haya yabaki kwako peke yako. Usimsomee bibi yako, usimwonyeshe rafiki wa bwenini, na ukizungumza na baba yako usimdokezee hata kwa mzaha. Ukimaliza, chana karatasi hizi vipande vidogo. Ukishindwa kuzichana, zishonee ndani ya mto wako. Mimi bado nafanya kazi palepale, na mtu ninayemtaja humu anakupenda kama mjukuu wake. Nakuomba kwa heshima, kama mtu mzima anavyomwomba mtu mzima mwenzake.

Saa hizi uko mlango wa pili kwa Mama Nasra, anakusuka, nakusikia ukilalamika anavuta. Baba yako amerudi mchana na tiketi yako ya kurudi nyumbani kuanza shule ya bweni, karatasi zote zimetimia, hakuna mhuri uliokosekana. Nilizipekua mara nne. Zilipokuwa sawa hata mara ya nne, nilikaa kitandani nikashusha pumzi ambayo naona niliishika tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo naandika nikiwa mwepesi. Nisingeweza kuandika nikiwa na hofu, maana hofu yangu unaijua: ikinikamata, kalamu yangu huandika yasiyokuwepo. Ndiyo habari yenyewe.

Sitakuandikia mambo ya soksi, wala dawa ya mafua, wala namna ya kuongea na matroni. Bibi yako atakuambia hayo hadi uchoke. Nataka kukuambia kosa langu moja, kwa sababu naona una macho yangu.

Nilipokuwa kidato cha pili, Tanga, nilikuwa sioni ubao vizuri. Badala ya kumwambia mwalimu, nilinakili kwa msichana aliyekaa kando yangu, pamoja na makosa yake. Nilishika nafasi ya tatu darasani. Watu walinipongeza, bibi yako akachinja kuku, nami nikala huku najua nusu ya niliyoandika siyaelewi. Niliona aibu ya kuuliza ni kubwa kuliko aibu ya kutojua. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikakusomea vitabu, nikakufundisha kuhesabu, ila hilo la kuuliza sikukufundisha, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa nalo.

Tulipomfuata baba yako Doha ulikuwa na miaka saba. Mimi nilipata ukarani kwenye klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Al Wukair, kwa sababu naandika Kiingereza na nasoma Kiarabu. Wewe ulijua tu kwamba mama yuko stoo. Hukuuliza ni stoo ya nini. Ilikuwa stoo ya risasi.

Usishtuke. Wanachama walikuwa watu wazima wenye vibali vyao, wanakuja mwisho wa wiki kulenga vibao, wanakunywa chai, wanaondoka. Silaha zao zilikaa kwetu na risasi zao zilikaa kwetu. Kila risasi iliyotoka iliandikwa kwenye daftari langu, na kila ganda tupu lililorudi liliandikwa pia. Ganda ni lile kopo la shaba linalobeba baruti; kitako chake ni duara, na kiwandani hugongwa hapo nambari ya aina yake. Kanuni ya kwanza niliyofundishwa ilikuwa hiyo: andika kilichogongwa kitakoni. Niliipenda kanuni hiyo. Karatasi mtu anaweza kuikosea, nilijiambia, lakini shaba haikosei.

Fundi wa silaha alikuwa Mzee Odoki. Ndiye huyohuyo unayemwita Babu. Mtu wa Tororo, Uganda, mwanajeshi mstaafu, aliyekuwa akienda kanisani Ijumaa asubuhi, kwa kuwa hapa Ijumaa ndiyo Jumapili ya Wakristo, kisha anakuja kazini na shati lake la ibada. Alikuwa na utani mwingi. Akiniona nimeinamia daftari husema, "Mama Zuhura, hiyo kalamu utaipa mimba." Mimi sikujua kumjibu. Nilikuwa namwogopa kidogo, kama nilivyowaogopa wote wanaojua kitu nisichokijua.

Sasa sikiliza. Mwanachama mmoja, daktari wa meno, mtu mpole, alikuwa na rivolva kubwa aliyotengenezewa na fundi kwa mkono. Silinda yake ilikuwa na matundu matano badala ya sita, kwa sababu risasi zake ni nene mno, na ya sita ingekosa pa kukaa. Risasi hizo hazikuwa za dukani. Zilitengenezwa chache chache kwa oda. Sisi tuliziita mia nne sabini na tano, kwa unene wa kichwa cha risasi, kile kinachoruka. Kibali chake kilikuwa cha risasi hamsini. Zilipofika, Mzee Odoki alizipokea, akaziweka kwenye rafu ya bastola ndani ya boksi la plastiki lenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono: 475.

Wiki mbili baadaye nilifanya hesabu ya stoo kwa mara ya kwanza bila kusimamiwa. Nikafungua boksi lile, nikageuza risasi moja, nikasoma kitako. Kilisema 45-70. Nikageuza ya pili. 45-70. Nikageuza zote hamsini.

Nambari hiyo niliijua kutoka kwenye kurasa za nyuma za daftari. Ni risasi ya bunduki ndefu ya mtindo wa kizamani. Mwanachama mwingine, mkandarasi aliyekuwa na kazi kule Lusail wakati Lusail bado ni vumbi na makorongo, alikuwa na bunduki ya aina hiyo, ila risasi zake zilikwisha kabla sijaajiriwa. Rafu yake ilikuwa tupu. Sikuwahi kuona risasi ya namna hiyo hata moja. Basi nikahukumu: shaba inasema hivi, karatasi ya mkono inasema vile, karatasi imekosea. Nikazihamisha zote hamsini kwenye rafu ya bunduki. Nikaandika, rivolva 475, hakuna. Bunduki 45-70, hamsini. Mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Mzee Odoki alikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa, anasafisha mtutu na kuimba puani. Ningesema tu, "Mzee, njoo uone." Maneno matatu, Zuhura. Niliyafikiria. Kisha nikaona atacheka, atasema huyu msomi wa Tanga hajui hata hiki. Nikanyamaza, nikajisifu kwamba nimegundua kosa la watu wengine.

Jumamosi mkandarasi akafika, akaona rafu yake ina risasi, akafurahi. Akaomba tano. Nikampa, nikaandika. Dakika kumi hazikupita nikasikia Mzee Odoki akipaza sauti huko kwenye mstari wa kulengea, "Wacha! Usisukume!" Risasi ilikuwa imeingia nusu kwenye bunduki ikakwama, na mkandarasi alikuwa anaisukuma kwa kiganja. Mzee aliitoa taratibu, akaigeuza, akaiangalia, kisha akatazama upande wa stoo. Nilimwona kupitia dirisha. Nilimwona pia mudiri, meneja wetu, anatoka ofisini kwake na kuja.

Kati ya mlango wa mudiri na meza yangu kulikuwa na mwendo wa dakika moja hivi. Katika dakika hiyo nilifikiri mambo yote: jela, kurudishwa nyumbani, baba yako kubaki peke yake, wewe kutolewa shuleni katikati ya muhula. Nikachukua kalamu, na kando ya mstari wangu, kwa herufi ndogo safi, nikaandika kwa Kiingereza kwamba nimehamisha kwa agizo la fundi.

Sikuwa nimepanga. Lakini mkono ni wangu na wino ni wangu.

Mudiri alisoma. Hakunigombeza. Alimwita Mzee Odoki, akamwonyesha. Mzee akakana, akasema hajaagiza hivyo, kwamba hizo ni za rivolva na yeye ndiye aliyezipokea. Mudiri akamuuliza kwa nini basi daftari linasema hivi, na kwa nini karani msomi aandike jambo ambalo halikuwepo. Mzee akanitazama. Mimi nikatazama feni. Kwenye kibali klabu ilikuwa na risasi hamsini za rivolva. Kwenye daftari haikuwa na hata moja, halafu ilikuwa na hamsini za bunduki zisizo na kibali. Watu wa leseni wakija wangeweza kuifunga klabu. Mudiri akachukua kadi ya kazi ya Mzee, akamwambia mandubu, yule anayeshughulikia karatasi zetu serikalini, asimamishe kwanza ruhusa ya Mzee ya kutoka nchini mpaka jambo hili lichunguzwe.

Unajua wakati ule hapakuwa na kutoka bila ruhusa ya kafili, mwajiri aliyekudhamini. Mzee Odoki alikuwa aondoke Jumatano. Binti yake anaolewa Jumamosi iliyofuata. Alikuwa amekwisha nunua suti; ilining'inia kwenye karakana ndani ya nailoni, na kila mtu alikuwa ameitania.

Nilirudi nyumbani nikakupikia wali. Baba yako akauliza kazi ilikuwaje, nikasema kulikuwa na kosa dogo la hesabu. Hadi leo ndivyo anavyojua.

Jumatatu ilikuwa siku ya makabidhiano. Fundi akisimamishwa, lazima amkabidhi karani rafu moja baada ya nyingine, wote wawili watie sahihi. Kwa hiyo mimi na mtu niliyemsingizia tulisimama pamoja karibu saa nzima, tukihesabu. Hakunitukana. Alisoma nambari, nikaandika. Tulipofika kwenye zile hamsini akavuta stuli.

"Kaa," akasema. "Hii kitu lazima uijue. Nikishaenda, asije mtu akaumia."

Akatoa mfukoni ganda tupu refu, refu kama kidole changu cha kati. Lilikuwa limebaki kwenye droo yake tangu enzi za mkandarasi kulenga mara kwa mara. Akaniambia nisome kitako. Nikasoma 45-70. Akanipa risasi moja kati ya zile hamsini, nayo nisome. 45-70.

"Haya. Zisimamishe pamoja."

Nikazisimamisha juu ya meza. Vitako vilikuwa vilevile. Lakini ya pili ilikuwa fupi, shaba yake haifiki hata theluthi mbili ya mwenzake, na mdomo wake mpana zaidi. Mtoto wa chekechea angeona. Mimi nilikuwa nimeangalia chini tu.

Akanieleza. Risasi ya rivolva kama ile haina kiwanda kinachoitengenezea ganda lake. Fundi hutafuta ganda la risasi nyingine ambalo kitako chake ni kipana na kigumu cha kutosha, analikata, anapunguza ukingo, anapanua mdomo, anatia kichwa kingine. Lile la kwanza huitwa ganda mzazi. "Kitako hakigusi," alisema. "Kwa hiyo jina la mzazi linabaki pale, lakini kazi si ile tena. Ndiyo maana niliandika karatasi kwa mkono. Ile karatasi ndiyo ilikuwa ukweli."

Nikamuuliza, sijui nilipata wapi uso wa kuuliza, kwa nini hakuniambia siku zilipofika.

"Hukuuliza. Na mimi nikasema huyu amesoma, anajua. Hilo ni kosa langu, liandike." Akanisogezea daftari la makabidhiano nitie sahihi. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Lile lingine si langu."

Zuhura, sikuweza kutia sahihi. Niliweka kalamu chini. Nikamwambia, "Mzee, nisubiri hapa," nikaenda kwa mudiri.

Njiani nilitunga maelezo marefu kwa Kiingereza kizuri: namna taa za stoo zilivyo hafifu, namna nilivyokuwa mgeni. Nilipofika mbele ya meza yake yote yakanipotea. Nikasema tu, "Niliandika uongo." Akauliza mstari gani. Nikamwonyesha. Akauliza kama kuna mwingine. Nikasema huo tu, na kwamba kuhamisha pia kulikuwa kwangu peke yangu, hakuna aliyeniagiza.

Akausoma upya mstari ule. Nilihesabu shanga za tasbihi iliyokuwa juu ya meza yake. Halafu akaniambia nilete kalamu nyekundu. Akaniagiza nipige mstari mmoja tu juu ya yale maneno, mstari mwembamba, ili yasomeke hata baada ya kufutwa. Niandike maelezo yaliyo ya kweli juu yake, nitie jina langu, naye akatia lake. Akaniandikia barua ya onyo, ipo kwenye faili langu hadi leo. Kisha akampigia mandubu simu mbele yangu, akamwambia ruhusa ya Odoki itoke siku hiyohiyo.

Ilitoka kesho yake adhuhuri. Nilipoiona kwa macho yangu nilikwenda choo cha wanawake nikajifungia, nikacheka huku machozi yananitoka, sina hata kitambaa. Sijawahi kupata raha kama ile. Kuhusu watu wa leseni, mudiri aliwaandikia barua, akabandika kwenye kadi maganda mawili, mzazi na mtoto wake aliyekatwa, ili waelewe. Walikubali maelezo. Barua waliirudisha na mhuri. Kadi walibaki nayo, nadhani mtu aliipenda mezani kwake.

Usidhani Mzee Odoki alinikumbatia. Nilipomwomba radhi pale stoo alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Lakini leo usinisalimie tena." Akaondoka Jumatano na suti yake mkononi. Wiki tatu nilikuwa sijui kama nimesamehewa. Baada ya hapo akarudi, akaingia stoo na kifurushi cha nailoni, kipande cha keki ya harusi kilichokuwa kigumu kama tofali.

"Hii ni ya mtoto wako," akasema. "Wewe utakula mkate."

Unaikumbuka keki ile. Ulisema ina ladha ya sanduku, na ukaila yote. Ijumaa iliyofuata ulitaka kumwona aliyeileta, nikakupeleka, na ndipo ulipoanza kumwita Babu. Kila ukimwita hivyo mimi huhesabu kwamba nimesamehewa mara nyingine. Yeye hajamwambia mtu. Miaka mitano, hata kwa utani hajalitaja, na unajua alivyo na utani.

Nimejiuliza kwa nini nakupa mzigo huu siku moja kabla hujaondoka. Si kwamba nataka uwe mwaminifu. Wewe ni mwaminifu kuliko mimi. Ni kwamba nimekuona mwezi huu ukijibu "najua" kila unapoulizwa jambo kuhusu shule mpya, na najua hujui. Niliisikia sauti ile nikajisikia mwenyewe. Utafika pale, wasichana watakusoma kitakoni: huyu ni wa Doha, anaringa, mama yake karani. Wengine watakuwa wamekosea kama nilivyokosea mimi. Nawe utawasoma wao vivyo hivyo. Muulize mtu, mwanangu. Atakucheka. Kicheko kinachukua muda gani? Mimi nilikikwepa, nikaja kukaa siku mbili nikijua kuna mzee hatamwona binti yake akiolewa kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri.

Kuna jambo sijalipatia jibu na sitajifanya ninalo. Kama kusingekuwa na makabidhiano, kama tusingelazimishwa kusimama pamoja, ningesema? Napenda kuamini ningesema Jumanne. Sina hakika. Ninachojua ni kwamba ile Jumamosi, katika ile dakika moja, sikuwa na mtu wa kumwambia, "Nimekosea, nifanye nini?" Baba yako nilimficha, bibi yako yuko mbali, na mimi nilikuwa nimejijengea jina la mtu asiyekosea. Wewe nataka uwe na mtu huyo. Ndiyo maana namalizia kwa namna ya kunipata. Haya uyashike vizuri.

Siku za kazi simu yangu hukaa kwenye kabati la mlangoni, haturuhusiwi kuingia nayo stoo. Kwa hiyo usinibipu mchana ukadhani nimepuuza. Piga ofisini, namba nimeiandika kwenye jalada la ndani la kamusi yako. Atapokea kijana wa Kikenya au mudiri mwenyewe. Sema, "Naomba karani wa stoo, mimi ni mwanawe." Usieleze zaidi. Wataniita, nitatoka nje kwenye kivuli cha magari nikupigie. Siku hizi Ijumaa niko nyumbani siku nzima. Usiku bipu mara mbili mfululizo, nitaamka. Kama simu ni ya matroni na amesimama karibu, sema tu kwamba unaulizia hali yangu, nami nitaanza kukuuliza maswali ya ndiyo na hapana.

Nikishapokea, usitunge maelezo. Sema umekosea, basi, tutaanzia hapo. Kama umekwisha danganya kabla ya kunipigia, piga. Kama umemsingizia mtu, piga upesi zaidi, kwa sababu huyo mtu anasubiri mahali fulani na hajui anasubiri nini.

Mama yako